Kabla ya Kununua Maikrofoni, Kitazame Chumba



Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, kutoka Lamu hadi Vanga, siku hizi kuna chumba kimoja ambacho ikifika jioni hugeuka kuwa studio. Binti hurekodi masomo ya watoto wa chekechea, mama hurekodi mafunzo ya mapishi, kikundi cha madrasa hurekodi kaswida, na mjukuu aliyetanabahi kwa wakati hurekodi tenzi za nyanya yake. Vyombo vya kazi hii si ghali kama vilivyokuwa zamani, na wengi huanza na simu tu. Lakini malalamiko ni yale yale: mbona sauti yangu yasikika kana kwamba nimo ndani ya mtungi? Na dukani jibu ni lile lile: nunua maikrofoni bora zaidi.

Jibu hilo si sahihi, au kwa uchache silo la kwanza. Maikrofoni nzuri ikiwekwa katika chumba kibaya huusikia ubaya wa chumba kwa uhodari zaidi. Mwenye kuanza atapata faida kubwa kuliko zote kwa kukishughulikia chumba na kwa kupima umbali baina ya mdomo na maikrofoni, na mambo haya mawili hayana gharama ya kutisha.

Wala jambo hili si la anasa. Mwana Kupona binti Msham alipomtungia bintiye utendi mnamo mwaka 1858, wino na karatasi viliyahifadhi maneno yake, na hadi leo twayasoma. Lakini mahadhi aliyoyatumia yeye mwenyewe, mahali alipovuta pumzi, neno alilolikaza na neno alilolilegeza, hayo hayakunaswa na mtu, kwani hata fonografu ya Edison haikuwako hadi mwaka 1877. Siti binti Saad wa Unguja naye, ili sauti yake iingie kwenye sahani ya santuri, ilimbidi mwaka 1928 avuke bahari hadi Bombay. Safari hiyo leo ni ya kutoka jikoni hadi chumba cha kulala. Itakuwa masikitiko makubwa basi tuwe na chombo mkononi, na mzee mwenye utendi mzima kifuani yuko hai mbele yetu, kisha tubaki na rekodi isiyosikilizika. Mzee wa miaka themanini hatausoma utendi mrefu mara tatu kwa sababu mara ya kwanza feni ilikuwa ikizunguka.

Liko na jambo la lugha yenyewe. Wasemaji wa Kimvita na Kiamu hupambanua paa la nyumba na p'aa wa mwituni kwa pumzi ndogo tu inayofuata herufi ya kwanza. Vilevile wana "t" ya menoni na "t" ya ufizini, na kila moja ina mahali pake. Herufi za maandishi ya kawaida hazionyeshi tofauti hizo. Rekodi safi huzionyesha, na rekodi yenye mwangwi na mivumo huzifunika. Anayemrekodi nyanya yake basi anahifadhi pia matamshi ambayo kamusi nyingi hazikuyaandika.

Sasa tuingie chumbani. Nyumba zetu za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa, na hizi za sasa ni za matofali na saruji, sakafu ya vigae, na madirisha mapana ya vioo. Kwa joto na kwa usafi ni nyumba nzuri. Kwa kurekodi ni shida, kwa kuwa kila kilicho kigumu na laini juu yake huirudisha sauti kama ukuta unavyorudisha mpira. Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde. Ukiwa mita mbili kutoka ukutani, sauti yako huenda na kurudi kwa muda wa kama sehemu moja ya themanini ya sekunde. Muda huo ni mfupi mno, hata sikio halisikii sauti mbili, bali sauti moja iliyovimba na kukosa mipaka. Kisha inapiga ukuta wa pili, na dari, na sakafu, na kurudi tena. Mtu aliyemo chumbani haudhiki sana, kwani masikio mawili na akili hushirikiana kuchuja. Maikrofoni haina akili ya kuchuja. Hupokea yote, ikamkabidhi msikilizaji.

Njia ya kukijua chumba ni kusimama katikati yake na kupiga kofi moja kali. Ukisikia mlio kama wa waya uliotikiswa ukifuatia kofi, chumba hicho hakifai kama kilivyo. Piga kofi lilo hilo chumba cha kulala, mbele ya kabati la nguo lililo wazi, na tofauti utaisikia mwenyewe. Ndiyo sababu chumba cha kulala hushinda sebule, hata sebule iwe na mapambo ya namna gani. Godoro, mito, mapazia mazito, zulia na nguo zilizotundikwa huimeza sauti badala ya kuirudisha. Jiko na bafu usiyafikirie kabisa.

Hapa watu wengi hupotezwa na trei za mayai. Picha za studio zilizobandikwa trei ukutani zimeenea, nazo zavutia, lakini trei ni karatasi nyembamba, na faida yake ni ndogo sana. Leso iliyotundikwa peke yake ni hivyo hivyo, na mkeka pia. Sauti nene huwa na mawimbi marefu: mlio wa mitetemo 100 kwa sekunde una wimbi la urefu wa kama mita tatu na nusu, na wimbi kama hilo halizuiwi na kitambaa. Kinachotakiwa ni unene. Godoro la sponji la inchi sita lililosimamishwa ukutani litafanya kazi kuliko trei mia mbili. Blanketi zito lililokunjwa mara mbili, likatundikwa shibiri moja mbali na ukuta badala ya kuligusa, hufanya kazi zaidi ya lile lililobandikwa, kwa sababu ule mwanya wa hewa nao husaidia.

Na godoro liwekwe wapi? Desturi ni kuliweka nyuma ya maikrofoni, mbele ya uso wa msemaji. Hapo si pabaya, ila si hapo pa kuanzia. Maikrofoni nyingi za kuimbia na kusomea husikia zaidi upande wa mbele na ni kama kiziwi upande wa nyuma. Mbele yake yupo msemaji, na nyuma ya msemaji upo ukuta, kwa hiyo ukuta ambao maikrofoni inautazama ni ule ulio mgongoni mwa msemaji. Huo ndio uvishwe kwanza. Ikiwa una godoro la pili, liweke ubavuni. Usimkalishe msemaji kwenye pembe ya chumba, maana sauti nene hujikusanya pembeni, wala usimweke katikati kabisa. Kiasi cha thuluthi ya urefu wa chumba kutoka ukutani aghalabu hufaa.

Yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa. Godoro hutuliza mwangwi wa ndani, lakini halizuii kelele za nje. Bodaboda, jenereta ya jirani, na kunguru wa Mombasa wasiojua adabu za mapumziko, hao huzuiwa na vitu vizito vilivyozibwa bila nafasi: mlango wa mbao nzito, dirisha lililofungwa barabara, kitambaa kilichosokotwa chini ya mlango. Na hata hivyo hutawazuia wote. Dawa ya kelele za nje ni kuchagua saa. Wenye kurekodi sauti zao wenyewe hupenda usiku baada ya saa nne, nao wana haki. Kwa mzee, mimi naona saa nne ya asubuhi ni bora: watoto wako shuleni, mtaa umetulia, naye bado hajachoka. Jua vipindi vya adhana na upange kazi iishe kabla, kwani adhana ikiingia katikati mtasita kwa heshima na uzi wa mazungumzo utakatika. Nyumba ikiwa ya mabati na masika yameanza, subiri siku kavu.

Ndani ya nyumba adui ni feni. Mzunguko wake hausikiki mpaka uvae hedifoni, ndipo usikie mvumo mzito chini ya kila neno. Zima feni na kiyoyozi. Katika miezi ya kaskazi hili ni gumu, najua, na si uungwana kumtesa mzee kwa joto. Basi rekodini kwa dakika kumi, washeni feni, mnyweni maji, kisha muendelee. Friji nayo huzimwa, na ili usiisahau mpaka samaki wakaharibika, weka funguo zako za nyumba ndani yake. Hutatoka bila kuifungua.

Vitu vidogo vya mwilini navyo vina sauti. Bangili ndizo za kwanza, kisha tasbihi, kisha kiti cha plastiki kinacholia kila mtu akijisogeza. Maikrofoni ndogo ya kubana nguoni huparuzwa na buibui na kutoa mlio kama wa karatasi, kwa hiyo ni afadhali ile ya kusimama kwenye kigingi chake. Ukiwa huna kigingi, weka kitabu kinene juu ya meza, juu ya kitabu taulo iliyokunjwa, na juu ya taulo ndiyo uweke simu au maikrofoni. Taulo huzuia mtikisiko wa meza usipande.

Tumefika kwenye umbali, na hapa naomba msomaji asome taratibu, kwa kuwa ndipo penye faida kubwa zaidi. Tutumie vipimo vya wazee wetu: shibiri mbili hufanya dhiraa moja. Msemaji akiwa dhiraa moja kutoka kwenye maikrofoni, kisha akasogea hadi shibiri moja, yaani nusu ya ule umbali, sauti inayotoka mdomoni mwake moja kwa moja huongezeka kwa takriban desibeli sita. Mwangwi wa chumba haukuongezeka kwa kusogea huko, kwa kuwa umetapakaa chumba kizima kwa kiasi kimoja. Hivyo basi kwa kusogea shibiri moja tu, umeipandisha sauti yake juu ya chumba, juu ya feni ya jirani, juu ya kila kitu. Hakuna chombo cha dukani kitakachokupa hilo bure. Shibiri moja ndiyo kanuni ya kuanzia kwa usomaji na mazungumzo. Ukikaribia zaidi, chini ya nusu shibiri, maikrofoni ya upande mmoja huanza kuongeza unene wa sauti, na mwanamke wa sauti laini ataonekana ana mafua.

Ukaribu una adhabu yake, nayo ni upepo wa herufi "p" na "b", ambao hupiga maikrofoni kama kofi. Usiikabili maikrofoni uso kwa uso. Igeuze kidogo ili pumzi ipite kando yake, lakini ielekee mdomoni bado. Kisha tia kizuizi: waya wa henga ya nguo uliopindwa kuwa duara, ukavishwa soksi nyembamba ya kike iliyovutwa vizuri, na kuwekwa baina ya mdomo na maikrofoni. Kizuizi cha namna hii hakihitaji kununuliwa.

Kikundi cha kaswida hakiwezi kukaa shibiri moja. Wasomaji husimama nusu duara, wote wakiwa umbali mmoja wa dhiraa mbili au tatu, mwenye sauti kubwa akirudi hatua nyuma. Dufu liende nyuma ya wote, maana likiwa mbele hulisikii jingine. Kwa umbali huo chumba kitasikika zaidi, kwa hiyo magodoro yaongezwe.

Baada ya haya ndipo tuzungumzie vyombo, nami nitakuwa mfupi. Simu ya kawaida, ikiwekwa shibiri moja kutoka mdomoni ndani ya chumba kilichotulizwa, hushinda maikrofoni ya bei kubwa iliyowekwa mwisho wa meza sebuleni. Iweke katika hali ya ndege ili pasiingie mlio wa mtu kupiga. Jua tundu la maikrofoni yake lilipo, aghalabu upande wa chini, na usilifunike kwa kidole. Usirekodi kwa njia ya ujumbe wa sauti wa kutumiana marafiki, kwa sababu programu zile huibana sana sauti ili ujumbe uwe mwepesi, na kilichobanwa hakirudi. Tumia programu ya kurekodi inayohifadhi faili za WAV.

Anayetaka kununua, na anunue kwanza hedifoni nzuri zinazofunika sikio, kwani usilolisikia huwezi kulirekebisha. Kisha maikrofoni. Zile za kondensa ni nyepesi wa kusikia, na nyingi huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kisanduku kinachoiunganisha na kompyuta. Zile za dainamiki ni nzito wa kusikia, hutaka ukaribu, na kwa nyumba isiyo na utulivu mara nyingi ndizo zenye huruma. Nashauri za pili kwa mwenye kuanza, labda awe na chumba kimya kwelikweli.

Kiasi cha sauti huonyeshwa kwa desibeli, na sifuri ndiyo ukomo wake. Kinachovuka sifuri hukatwa kilele, na sauti iliyokatwa haiungiki. Mwambie msemaji aseme kwa nguvu kubwa atakayoifikia, urekebishe mpaka vilele vifike kama desibeli 12 chini ya sifuri, kisha uache hapo. Chagua biti 24 na vipimo 48,000 kwa sekunde. Saa moja ya msemaji mmoja katika mkondo mmoja itachukua takriban megabaiti 520, kwa hiyo hakikisha nafasi ipo kabla hujaanza. Ukisikia mlio mnene usiokatika, huenda ni umeme wa nyumba, ambao kwetu hutetema mara 50 kwa sekunde. Chomoa chaja ya kompyuta, utumie betri, na mara nyingi mlio hunyamaza.

Kabla ya neno la kwanza, nyamazeni wote kwa sekunde kumi huku chombo kinarekodi. Kimya hicho ni mali. Programu kama Audacity, ambayo haiuzwi, hukisoma ili ijue mvumo wa chumba chako, kisha iupunguze katika rekodi nzima. Punguza kidogo tu. Ukikaza sana, sauti ya mtu huanza kusikika kama inatoka chini ya maji, na ni afadhali mvumo mdogo kuliko hilo. Kata pia kila kilicho chini ya mitetemo 80 kwa sekunde, kwani sauti ya mwanamke anayesoma haifiki huko, na kinachobaki ni malori na mitikisiko ya sakafu. Mwangwi ni habari nyingine. Zipo programu za kuupunguza, lakini huacha alama yake kwenye sauti, na ndiyo sababu nimekutaabisha na magodoro.

Vikohozi na vituo vya pumzi vya mzee usiviondoe. Kikohozi kilichoangukia juu ya neno, mwombe aurudie ubeti huo papo hapo. Na kazi yoyote ya usafishaji ifanywe kwenye nakala, faili ya asili ibaki kama ilivyotoka.

Siku ya siku ikifika, rekodi dakika moja ya majaribio, vaa hedifoni, isikilize yote, ndipo umwite mzee akae. Mweleze unachofanya na umtake ridhaa yake. Mwombe ajitaje jina, ataje siku na mwezi, na amtaje aliyemfunza utendi huo na mahali alipofunzwa. Usikizime chombo pindi amalizapo beti ya mwisho, kwa kuwa aghalabu hapo ndipo hukumbuka beti alizoziruka, au husema kwamba dada yake alikuwa akizisoma kwa mahadhi mengine, akayaimba. Jioni ile ile toa nakala tatu: moja ibaki kwenye kompyuta, ya pili iwe kwenye diski iliyowekwa nyumba nyingine, na ya tatu mpelekee ndugu aliyeko Maskati au Jeddah, naye umwambie aifungue aisikilize yote, asije akagundua baada ya miaka mitano kwamba faili haikufika nzima.